I Capture the Castle: maswali yanayoulizwa sana kuhusu familia ya Mortmain

Tangu watu wajue kwamba hiki kitabu, riwaya ya Dodie Smith, nimekirudia mara nne wananiuliza maswali yaleyale, wengine wamekwama kurasa za mwanzo, wengine wamemaliza wana hasira na mwisho, kwa hiyo nimeyaweka yote sehemu moja. Yale yanayofichua mwisho yako chini kabisa na nimeweka onyo, usije ukasema hukuambiwa.

Kwanza kabisa, kinahusu nini?

Binti wa miaka 17 anaitwa Cassandra Mortmain, anaishi na familia yake kwenye kasri bovu huko Suffolk, Uingereza, miaka ya 1930. Baba yake aliwahi kuandika kitabu kimoja kikubwa kikampa jina mpaka Marekani, alafu kalamu ikakauka na hela nayo ikafuata. Fenicha zimeuzwa, kodi ya nyumba hailipwi, chakula ni cha kubahatisha. Sasa wanatokea ndugu wawili kutoka Marekani, Simon na Neil Cotton, na Simon ndo amerithi jumba kubwa la jirani la Scoatney pamoja na hilo kasri, yaani ndo mwenye nyumba wao mpya. Rose, dada mkubwa, ameshachoka na umaskini na anaamua ataolewa na tajiri, moyo utake usitake. Cassandra anayaandika yote kwenye daftari.

Ukisimuliwa hivi unaona kama hamna jipya hapo. Nakubali. Utamu wake hauko kwenye kisa, uko kwa huyo anayesimulia.

Jina la kitabu linamaanisha nini? Kuna vita?

Hamna vita. Kwa Kiswahili ni kama kusema "nimeliteka kasri", na mi naona Kiswahili kinalieleza hili jina vizuri kuliko lenyewe linavyojieleza, kwa sababu kwetu kuteka ni mengi: unateka mji, unateka moyo wa mtu, na unateka maji kisimani. Cassandra anafanya yote matatu kwa kalamu. Anajifunza hatimkato ili aandike haraka na anataka kuwakamata watu wa nyumba yake walivyo, maneno yao hasa, na anafanya hivyo kama mtu anayechota maji, ndoo kwa ndoo, siku kwa siku. Hata mwenyewe anasema hayo madaftari ni ya mazoezi tu, anajiandaa kuja kuandika riwaya. Kwa hiyo unachosoma ni mazoezi ya mtu anayejifunza kuona, na ukishalijua hilo kitabu kinabadilika mkononi.

Nimesoma kurasa arobaini hamna kilichotokea. Niendelee?

Endelea, ila badilisha namna ya kusoma. Watu wanaingia wakitafuta tukio, na tukio linachelewa kweli, wale Wamarekani hawafiki haraka. Rudi ukurasa wa kwanza uutazame upya. Cassandra amekaa kwenye sinki la jikoni. Miguu iko ndani ya sinki, mwili uko pale pa kukaushia vyombo, chini ametandika blanketi la mbwa na kile kifuniko cha kitambaa cha kuifanya birika la chai isipoe. Kuna harufu ya sabuni ya dawa. Kwa nini akae hapo? Kwa sababu ndo kona pekee ya jikoni iliyobaki na mwanga wa mchana. Na papo hapo anatetea ujinga wake kwa kusema kwamba mtu akikaa mahali ambapo hajawahi kukaa anapata mawazo, eti shairi lake bora kuliko yote aliliandika akiwa juu ya banda la kuku, alafu anakiri kwamba hata hilo si zuri sana.

Tazama alichokifanya hapo. Amekuambia nyumba haina mwanga, amekuambia ni maskini, amekuambia anataka kuwa mwandishi, na amekuambia ana akili ya kujicheka, na hajasema hata moja kati ya hayo waziwazi. Ukisoma hivyo zile kurasa arobaini hazitakuwa "hamna kilichotokea".

Mbona familia yenyewe ya ajabu hivi? Wana wazimu?

Hawana wazimu. Wana njaa. Hili ndo jambo naomba uondoke nalo hata kama hutosoma jibu lingine hapa.

Juujuu ni vichekesho mwanzo mwisho. Topaz, mama wa kambo, zamani alikuwa anakaa kuchorwa na wasanii, sasa anapiga ala ya nyuzi, anaongea kwa sauti nzito kama yuko kwenye tamthilia, na akitaka kuwa karibu na maumbile anatoka nje usiku bila nguo hata moja ila mabuti ya mpira miguuni. Baba anajifungia kwenye chumba cha langoni anasoma hadithi za upelelezi kutoka maktaba. Wasichana wanaongea na sanamu la mshonaji, lile la kuvalishia gauni, wamelipa jina la Miss Blossom, na Cassandra ndo anamtolea sauti na ushauri wa mama mtu mzima. Nguo zote za nyumba zinachovywa rangi ya kijani siku moja kwa sababu ndo njia rahisi ya kuzifanya zionekane mpya. Utacheka, lazima ucheke.

Lakini chunguza kila kituko uone kimetoka wapi. Rangi ya kijani ni kwa sababu hawana hela ya nguo. Sanamu linapewa sauti ya mama kwa sababu mama alishafariki. Baba anasoma upelelezi kwa sababu hawezi kuandika na haya inamzuia kusema. Hata Rose ambaye wasomaji wengi wanamwona mpenda mali, mi nilimwona hivyo pia mara ya kwanza nikiwa na umri wa kuhukumu kila mtu, lakini ukimsikiliza anavyoeleza mataulo laini ya rangi ya pichi bafuni kwa mama yake Simon, unaelewa huyu ni binti aliyechoka kujipangusa na kitambaa kilichoisha. Anachokitaka ni taulo. Ndoa ndo mlango anaouona.

Na kuna sehemu Cassandra anausifia mnofu wa paja la nguruwe na haradali kama mtu anayesifia ufalme. Inachekesha, mpaka ukumbuke kwamba mtu aliyeshiba hasifii chakula namna hiyo.

Kwa nini basi wasifanye kazi? Samahani lakini inaniudhi.

Hata mimi iliniudhi. Na kitabu kinalijua hilo swali, kuna mahali wanakaa kikao pamoja na mwalimu wa kijiji, Miss Marcy, wanaorodhesha nani anaweza kuingiza nini, na ukienda mtu kwa mtu unakuta karibu kila mmoja ni sifuri, hasa baba. Hawa ni watu waliolelewa kwenye tabaka la wasomi, binti hakufundishwa kazi, alifundishwa kungoja. Unaona kikao chenyewe kinavyowaaibisha taratibu.

Na anayeokoa jahazi ni nani? Stephen, kijana wa miaka 18, mtoto wa mfanyakazi wao wa zamani aliyefariki, ambaye yuko hapo nyumbani halipwi kitu. Yeye ndo anajitolea kwenda kufanya kazi shambani kwa jirani alete mshahara. Yaani anayewalisha ndo yule wasiyemhesabu sawasawa kuwa wa familia. Mwandishi halipigii kelele jambo hili, analiweka pale tu, we ndo ulione.

Nachanganya majina. Nani ni nani?

Mortmain baba, jina lake James. Topaz mkewe wa pili, miaka 29. Rose anakaribia 21, Cassandra 17, Thomas mdogo wao wa kiume 15, anasoma shule, wasomaji wengi wanamsahau na ni makosa, maana karibu na mwisho anakuwa na akili kuliko wote. Stephen nimeshamsema. Mbwa anaitwa Heloise na paka Abelard, hao ni wapenzi maarufu wa Ufaransa ya karne ya 12, kwa hiyo hata wanyama wa hii nyumba ni wa kisomi. Upande wa Wamarekani: Simon ana ndevu, Neil hana, na ndevu zina kesi yake maana Rose zinamsumbua. Mama yao ni Mrs Cotton, anaongea bila breki.

Huyo baba kwani anaumwa nini? Kweli alifungwa?

Alifungwa, miezi mitatu, na kisa chenyewe ni cha kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Walikuwa wanakunywa chai bustanini, akagombana na mkewe, akawa amekishika kisu cha kukatia keki anakitikisa huku anaongea, jirani akadhani anataka kumuua mke akaruka uzio kuja kuokoa, baba akamwangusha. Basi, mahakamani, jela. Alipotoka ndo wakahamia kasrini na tangu hapo hajaandika.

Sasa hapa kuna kitu ambacho msomaji wa Kiswahili anakiona haraka kuliko mtu mwingine. Kile kitabu chake maarufu kinaitwa Jacob Wrestling, ni ile habari ya Mwanzo sura ya 32, Yakobo anashindana mweleka usiku kucha na mtu asiyemjua mpaka alfajiri, anatoka anachechemea ila amebarikiwa. Na huyu mwandishi jina lake ni James. Kwa Kiingereza James na Jacob yanaonekana majina mawili tofauti, lakini fungua Biblia ya Kiswahili, wote ni Yakobo, hata ule waraka. Yaani Yakobo aliandika kuhusu Yakobo, alikuwa anajiandika mwenyewe. Na Mortmain ni neno la zamani la kisheria lililotoka Kifaransa, maana yake halisi ni mkono uliokufa. Mwandishi mwenye mkono uliokufa! Mara mbili za kwanza sikuliona hili, nililigundua mara ya tatu nikabaki nimekiweka kitabu magotini natazama ukuta.

Sixpenny, Shilling, Two-Guinea, hizi ni nini?

Ni sehemu tatu za kitabu, zimepewa majina ya bei ya madaftari anayoandikia. La kwanza la Machi, la pili la Aprili na Mei, la tatu Juni mpaka Oktoba. Hela ya Uingereza ya wakati ule (waliiacha mwaka 1971) ilikuwa hivi: pauni moja ni shilingi 20, shilingi moja ni peni 12, na gini ni shilingi 21, hesabu ya mabwana wakubwa hiyo.

Piga hesabu sasa. Daftari la kwanza peni 6. La pili shilingi 1, yaani mara mbili. La tatu gini 2, ambazo ni shilingi 42, ambazo ni peni 504. Limeruka mara 84 ya lile la kwanza. Kwa miezi michache tu! Na ukitaka kuelewa zaidi angalia nani kanunua: la shilingi hela katoa Stephen, kijana asiye na kitu, la gini mbili kaleta Simon, tajiri. Hapo mwandishi amekuwekea mashindano mazima ya mapenzi kwenye vichwa vya sura, na utajiri unavyoingia kwenye ile nyumba, na hajatumia hata sentensi moja kukueleza.

Ndo maana ushauri wangu ni usome kwa mikao mitatu, daftari moja moja, upumzike katikati. Mwandiko wa Cassandra wenyewe unakua. Kwenye la peni 6 ni mtoto anayejifanya mtu mzima, kwenye la tatu kuna siku unaona kabisa hataki kuandika, anazunguka jambo, anaogopa kulisema.

Ni kitabu cha mapenzi?

Mapenzi yamo, mengi, na yamekosea njia karibu yote: huyu anampenda yule, yule anamtazama mwingine. Ila ukikisoma kwa kusubiri bwana harusi utakuja kunilalamikia. Soma kwa kumsikiliza Cassandra anavyodanganyika. Anaona vizuri sana mambo ya wenzake lakini yanayomhusu mwenyewe yanampita mbele ya macho, na we msomaji unayaona kabla yake. Hiyo ndo raha yenyewe, kukaa hatua moja mbele ya mtu mwenye akili.

Mbona wanakifananisha na Jane Austen?

Wahusika wenyewe ndo wanaanza. Rose anatamani angeishi ndani ya riwaya ya Austen, Cassandra anaona angependelea ya Charlotte Brontë, wanapima wachanganye vipi. Na kisa kinaanzia palepale pa Pride and Prejudice, riwaya maarufu ya Austen, tajiri kijana kaja kukaa jumba la jirani na kuna mabinti hawana mahari wala akiba. Tofauti ni kwamba hawa mabinti wamemsoma Austen, wanajua mchezo unavyochezwa, na Rose anajaribu kuucheza makusudi, anajiremba na kulegeza sauti kama mwanamke wa karne iliyopita, na anaonekana kituko. Anashindwa vibaya mara ya kwanza. Hakuna mtu anayeweza kuigiza kitabu.

Sehemu gani inachekesha kuliko zote?

Watu wengi watakuambia ni ile ya dubu. Wasichana wamerithi makoti ya manyoya ya ndugu yao mmoja mzee, wanarudi nayo kwa treni usiku, Rose kavaa lile la dubu, na stesheni wapo kina Cotton, kuna giza, na wengine wanaamini kabisa dubu wa kweli kashuka. Sawa, inachekesha.

Mi nachagua ile ya kuoga. Ni siku ya kuchovya nguo kijani. Jioni Rose, kwa hasira za umaskini, anaapa mbele ya kichwa cha jiwe kilichochongwa juu ya meko, hakuna anayejua ni malaika au shetani, wanampandisha juu kwa ile fremu ya kuanikia nguo inayovutwa kwa kamba, akiwa anabembea anatoa ombi lake. Baadaye Cassandra anaingia kuoga jikoni, kwenye beseni lilelile lililochovyewa nguo, mashuka ya kijani yamening'inia pande zote kama pazia, mikono yake yenyewe ya kijani. Na hapohapo mlango unafunguliwa wanaingia wanaume wawili wageni, gari lao limekwama kwenye tope. Hao ndo kina Cotton. Mwenye nyumba mpya anakutana na mpangaji wake akiwa ndani ya beseni, rangi ya mchicha. Yaani ombi la Rose limejibiwa ndani ya jioni moja na aliyekutwa hajavaa ni mdogo wake. Ukimaliza kucheka jiulize, lile jiwe lilikuwa malaika au lilikuwa lile jingine? Kitabu kizima kinalichezea hilo swali.

Kiingereza chake ni kigumu?

Hapana, ni cha binti anayeongea na daftari, sentensi zake fupi na za moja kwa moja. Kitakachokusumbua ni majina ya vitu vya nyumbani vya zamani na utani wa vitabu. Ruka usichokijua. Usisimame kila mstari na kamusi, utaua sauti yake, na sauti ndo kila kitu hapa. Kisome kwa sauti kidogo kama unaweza, hata ukiwa peke yako watu wakushangae.

Kinafaa kwa kijana wa miaka 13 au 14?

Kinafaa. Topaz anatembea uchi lakini ni wa kuchekesha, hamna kitu cha kumziba mtu macho. Shida ya kumpa mtoto mdogo sana si maadili, ni kwamba atamsikiliza Cassandra na kumwamini kila neno. Si vibaya, atakirudia akikua na kitakuwa kitabu kingine.

Dodie Smith ni yule wa mbwa wenye madoa?

Ndo huyohuyo. Alizaliwa 1896, kwanza alijaribu uigizaji, akafanya kazi kwenye duka kubwa la fenicha London, baadaye akawa mwandishi wa tamthilia mwenye jina kubwa miaka ya 1930. The Hundred and One Dalmatians ilitoka 1956, Disney wakaifanya katuni 1961, na yeye mwenyewe alifuga mbwa wa aina hiyo, mmoja akiitwa Pongo kama wa kitabuni.

I Capture the Castle ilikuja kabla, 1948, ndo riwaya yake ya kwanza, akiwa ameshavuka miaka 50. Na aliiandikia California! Mumewe, Alec Beesley, alikuwa amekataa vita kwa dhamiri yake kwa hiyo waliondoka Uingereza kabla Vita vya Pili vya Dunia havijaanza, wakakaa Marekani miaka mingi, na Dodie kule alikuwa anapakumbuka sana kwao. Ukijua hili zile mvua na matope na harufu ya kasri lenye unyevu zinageuka. Anayeyaandika yuko kwenye jua, mbali, nchi yake inapigwa mabomu, na yeye anaikumbuka kona kwa kona mpaka sinki. Mambo ya Wamarekani kuja kijijini na kila upande kumshangaa mwenzake nayo ameyatoa palepale.

Nimeshaangalia muvi ya 2003, kuna haja ya kusoma?

Muvi ni nzuri, mi naipenda, Romola Garai kamvaa Cassandra vizuri sana na Bill Nighy kama baba ni kama ameandikiwa, na utamwona Henry Cavill akiwa Stephen, miaka kumi kabla hajawa Superman. Lakini muvi inakuonyesha kasri kwa jicho la kamera. Kitabuni unaliona kwa jicho la mtu wa miaka 17 anayekosea. Soma.

ONYO: kuanzia hapa nafichua mwisho. Baba anapona vipi?

Cassandra na Thomas wanamfungia kwenye mnara wa Belmotte, ule mnara wa zamani uliosimama peke yake juu ya kilima. Wazo lao ni kwamba aliacha kuandika alipotoka jela, basi wamrudishe jela kidogo labda kitu kitafunguka. Utoto mtupu! Usiku unampata humohumo mnarani, na alichoanza kuandika ni mambo ya kitabu cha chekechea, paka kakaa kwenye mkeka, wanadhani wamemharibu kabisa, kumbe ndo mwanzo wa kitabu kipya. Rudi sasa kwa Yakobo na usiku wake wa mweleka. Watoto wake ndo waliokuwa yule mtu wa gizani. Na Thomas ndo aliyemzuia Cassandra asilegee kumfungulia mapema, nilikuambia usimsahau.

Kwa nini Cassandra hakumchagua Stephen? Ni mzuri, ni mwema, anampenda!

Naulizwa hili kuliko yote, na kwa hasira. Stephen anakopi mashairi ya washairi wa zamani anampa kama ya kwake, Cassandra anayatambua na anakaa kimya asimuumize, na nadhani hapo ndo jibu lilipo. Anamhurumia. Na akiwa kwenye maumivu yake ya mtu mwingine kuna siku anamwacha Stephen ambusu kisha anaona alichofanya ni dhuluma. Huruma haikugeuka penzi, na mwandishi hakutaka kutudanganya kwamba hugeuka kila mara. Stephen anaondoka zake London, anapigwa picha, anapata kazi ya filamu. Mi sioni kama alipunjwa, ila sijawahi kumshawishi mtu.

Mwisho wenyewe mbona hauishi?

Rose kakimbia na Neil, Simon kaachwa, na Cassandra anampenda Simon toka ile usiku ya katikati ya kiangazi. Simon anakaribia kabisa kumwambia waondoke wote Marekani, na yeye anamkatiza. Kwa sababu ameona, hatimaye ameona kitu kinachomhusu mwenyewe: huyu mwanaume bado anamwangalia Rose kupitia kwake. Angesema ndiyo angepata alichokitaka kwa bei ya kujidanganya. Binti wa Machi angesema ndiyo, tena angekimbia.

Alafu karatasi zinaisha. Daftari la gini mbili limejaa, imebaki pembezoni tu, na maneno ya mwisho ya upendo anayabana humo kwenye ukingo. Kitabu kinaishia pale karatasi ilipoishia.

La mwisho, Topaz ndo jina lake kweli?

Mwenyewe anadai ndiyo, eti alibatizwa hivyo. Cassandra analitaja mapema tu, haonekani kuamini sana, na anasema hata kama ni kweli hakuna sheria inayomlazimisha mwanamke kung'ang'ania jina kama hilo.